Msimu Ambao Hakufa Mtu

Kazi yangu ilikuwa kufukuza chuma. Nikiulizwa nilifanya nini miaka ile ya tisini huko pembeni mwa Bugarama, hilo ndilo jibu fupi, na watu hucheka wakidhani natania. Sitanii. Nililipwa kukaa peke yangu katikati ya majani, tangu alfajiri hadi jua linapoinama, nikihakikisha kwamba hakuna baiskeli, jembe, panga, ndoo ya bati wala kiatu cha tairi chenye misumari kinachosogelea mlingoti mmoja wa plastiki. Juu ya mlingoti huo kulikuwa na kopo jeupe, kubwa kiasi cha chupa ya chai. Ndani ya kopo kulikuwa na kichupa cha kioo, na ndani ya kichupa mvuke wa madini laini yaitwayo seziamu. Kila kitu kilikuwa kwa ajili ya ule mvuke, hata mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari mjini Shinyanga. Nilifundisha sumaku kwa kuichora ubaoni, kwa kuwa sumaku yenyewe hatukuwa nayo. Mshahara ulichelewa mpaka ukasahau ni wa mwezi gani, na mimi sikuumbwa na subira. Basi alipotokea mtu anayetafuta mwenye kuielewa fizikia na kuweza kutulia mahali pamoja, nilimwambia la kwanza ninalo na la pili nitajifunza.

Mtu huyo tulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa mtoto wa wenye duka wa Kihindi wa Nyasubi, pale Kahama, aliyepelekwa ng'ambo akasome biashara, akarudi na udaktari wa atomi. Baba yake hakulipokea hilo kwa furaha. Alipokosa mtu wa kumlipa kwa kuzijua atomi, Daktari alichukua kandarasi ya kupima sumaku ya ardhi kwa niaba ya watafutaji wa dhahabu. Dhahabu yenyewe haivutwi na sumaku, lakini miamba inayoilaza ina tabia zake, na ukipima sumaku mstari kwa mstari unaweza kuchora kilicho chini bila kuinua sururu. Yeye alitembea na chombo kimoja vilimani na kwenye mashamba ya pamba. Chombo cha pili hakikutembea. Jua nalo huichezea sumaku ya dunia mchana kutwa, hivyo lazima chombo kimoja kibaki pale pale kikiandika michezo hiyo, ili jioni itolewe kwenye vipimo vya yule anayetembea. Chombo kile cha kubaki ndicho kilichokuwa changu.

Tulikiweka kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa makusudi ili majani yasimame mpaka kiangazi kikali. Ngitili ile ilikuwa ya mjane mmoja mzee. Alimkubalia Daktari akiwa anapepeta mtama, bila kusimamisha ungo, kisha akanitazama mimi na kusema nikae kwake, kwa kuwa mtu anayelinda kitu cha namna hiyo hawezi kulala mbali nacho. Nyumba zake zilikuwa za nyasi, hazina bati hata kipande, na Daktari alifurahi kuliko mimi.

"Shikamoo mayu," nilimwambia siku niliyoleta begi langu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwetu Masumbwe, ambako tunasema Kisumbwa, mtu haoni tabu kulielewa.

"Marahaba ng'wana wane," akaniitikia, yaani mwanangu. "Kile kitu chako kinakula nini?"

"Kinakula betri."

"Na wewe?"

"Chochote."

"Afadhali," akasema. "Betri sina."

Ndivyo tulivyoanza. Alikuwa na watoto, lakini wote walikuwa mbali, wawili kwenye machimbo ya Geita na mmoja hajulikani. Jioni alinipa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, au ugali wa mtama, tukakaa nje, akaniuliza maswali kuhusu kopo langu kama anavyouliza mtu habari za jirani mgonjwa. Sikuwahi kuwa na mwanafunzi mzuri kama yule.

Shida ilikuwa mchana. Katika kijiji kile mtu hapiti njiani akamwona mwenzake amekaa peke yake, akaendelea na safari. Atashuka kwenye baiskeli, ataisukuma mpaka ulipo, atakuamkia, atakuuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za waliolala na za walioamka. Na baiskeli ile, kwa kopo langu, ilikuwa kelele tupu. Namba zilipanda, zikashuka, zikayumba, na mstari wa siku nzima ukapata nundu. Kwa hiyo niliwaona watu kwa mbali, nikasimama na kuinua mkono, nikawapigia kelele waache baiskeli kwenye mgunga kule chini. Mwanzoni walicheka. Wanaume walivua viatu vya tairi, kina mama wakavua bangili, wakaja wakitembea kwa adabu kama wanaingia msikitini, tukasalimiana. Lakini mchezo ukirudiwa kila siku hauwi mchezo tena. Wakapungua. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kigoda kilichochongwa kwa gogo moja bila msumari, sina saa, sina ufunguo, suruali nimeifunga kwa kamba ya katani. Nikitaka kujua ni saa ngapi nilitazama kivuli cha mlingoti.

Kisha akafa mzee mmoja wa ng'ambo ya ngitili.

Kijiji kile kikifiwa, hakuna alimaye. Wanaume wote huchukua majembe na kwenda kuchimba kaburi. Wanawake hubeba kuni, maji na unga. Hilo nililijua, kwetu ni vilevile. Lakini Daktari alikuwa kilimani na chombo cha kutembea, na ningeondoka siku yote ingepotea. Nikatoa rambirambi kupitia kwa mayu, nikabaki. Hilo labda lingesameheka. Kilichofuata ndicho ambacho hakikusameheka.

Asubuhi ile kundi la wachimbaji lilitokea upande wa kijijini, wanaume wengi, jembe begani kila mmoja, wakiifuata njia inayopita kandokando ya mlingoti wangu. Hawakuwa wanakuja kwangu. Walikuwa wanapita tu, wanakwenda kumchimbia mwenzao. Niliona namba zinaanza kucheza wakiwa bado mbali. Nikasimama, nikainua mkono kama kawaida yangu, nikawaomba wazunguke kwa nyuma ya ngitili.

Walisimama. Hakuna aliyebisha. Aliyetangulia, mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji kile, mtu mfupi mwenye koti la mvua hata wakati wa jua, alinitazama kwa muda, kisha akageuka, na wote wakageuka nyuma yake. Wakazunguka. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaona namba zimetulia, nikajipongeza kwa kazi nzuri. Hata leo nikipigiwa hesabu za kazi nasema niliyoyafanya yalikuwa sawa. Lakini kijiji hakikuwa kimeniajiri kwa hesabu hizo.

Jioni niliporudi nilimwamkia mayu. Hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Alikuwa anakoroga uji, akaendelea kukoroga. Kisha akamgeukia mbuzi wake, jike lenye sikio moja lililochanika, ambaye alifungwa kwenye nguzo ya jiko.

"Wewe mbuzi," akamwambia, "leo wanaume wamekaa. Wamesema mtu aliyegeuza majembe ya msiba asisalimiwe, asipewe moto, asipewe maji wala chumvi, asisagiwe. Anayeongea naye ataongezwa pale alipo yeye. Mimi ni mzee, mbuzi. Nikitengwa mimi, nani atanizika?"

Akaingia ndani. Baadaye kidogo sauti yake ikasikika tena, ikimwambia mbuzi kwamba kwenye chungu cha mwisho kuna matobolwa, na kwamba mwenye nyumba akisahau kufunika chungu, atakayekula si kosa lake.

Hivyo ndivyo nilivyotengwa. Ukitaka kujua ni nini, usifikirie kupigwa. Fikiria unasema shikamoo na neno linabaki hewani, halichukuliwi na mtu. Nilifika kisimani, wanawake wakajitwisha ndoo zao nusu na kuondoka. Nilifika mashineni na mtama wangu, mwenye mashine akazima injini akajidai anatafuta kitu. Mtoto wa miaka minne hivi, aliyezoea kunikimbilia, alivutwa mkono na dada yake, naye akaanza kulia kwa kuwa hakuelewa. Mimi nilielewa vizuri sana, na nilikasirika. Wiki za kwanza hasira ilinisaidia. Nilipita katikati ya kijiji nimeinua kidevu, nikisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, makusudi, ili kila aliyenyamaza anyamaze mbele ya watu. Kisha hasira ikaisha kama betri, nikabaki na upweke mtupu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtu aniitikie salamu.

Mbuzi, kwa upande wake, hakuwahi kuongeleshwa namna ile maishani mwake. Aliambiwa bei ya pamba, habari za mvua iliyonyesha Masumbwe, ndoto, na malalamiko ya goti. Aliulizwa kama kile kitu cha kwenye ngitili bado kinakula vizuri, na mimi, nikiwa nimekaa upande wa pili wa moto, nilimjibu mbuzi kwamba kinakula. Hatukutazamana. Majirani walipita, wakasikia mayu anaongea na mnyama na mimi naongea na mnyama, na hakuna sheria iliyovunjika.

Daktari ndiye aliyegundua jambo ambalo lilinikera kuliko yote. Alikuja jioni moja kuchukua kumbukumbu za kopo, akaziangalia kwenye kompyuta yake ndogo kambini alikolala, akaniita.

"Mwalimu, umefanya nini kule?"

"Sijafanya kitu."

"Tazama. Wiki tatu hakuna nundu hata moja. Sijawahi kuona kituo kimetulia hivi. Sasa naona kelele ya chombo chenyewe, siyo ya watu."

Nikamweleza kwa nini. Jicho lake lilirudi kwenye ule mstari ulionyooka, na niliona anaona aibu kwa furaha yake. Hakuweza kuificha. Kutengwa kwangu kulikuwa kumempa vipimo bora kuliko vyote alivyowahi kupata.

Labda kwa kunipoza, akaanza kunieleza fizikia. Alijua hiyo ndiyo lugha yangu. Alisema kila atomi kwenye kichupa inayumba kama pia ya watoto iliyozungushwa, na kasi ya kuyumba ndiyo inayotuambia nguvu ya sumaku. Lakini kila atomi ina wasiwasi wake wa asili. Hata uiulize kwa upole kiasi gani, haina jibu moja lililonyooka. Dawa ni kuziuliza nyingi na kuchukua wastani. Wasiwasi wa hii unafutwa na wasiwasi wa ile, ila kwa uchoyo sana, kwani ukitaka kosa lipungue kwa nusu unahitaji atomi mara nne.

"Sasa kuna watu huko ng'ambo wamepiga hesabu nyingine," akasema. Alikuwa amepata nakala ya makala kutoka kwa rafiki yake wa chuoni, iliyofika Kahama ikiwa imechelewa na kukunjwa mara kadhaa. "Wanasema tuzifunganishe atomi kwanza. Zifungamane kwa namna ambayo hakuna hata moja yenye jibu lake peke yake. Ukiuliza moja, huna kitu. Ukiziuliza zote pamoja, zinajibu kwa sauti moja, na wasiwasi unashuka chini kuliko vile ambavyo zingeweza zikijibu kila moja kivyake. Atomi zile zile, kichupa kile kile, lakini unasikia kitu kidogo zaidi, mbali zaidi."

"Imeshafanyika?"

"Kwenye karatasi. Maabara chache zinahangaika."

"Na tatizo lake?"

"Ni dhaifu. Atomi moja tu ikigonga kioo ikapotea, inaondoka na siri ya wenzake. Ule mfungamano ukiwa wa aina kali kabisa, moja inatosha. Zilizobaki zinarudi kuwa kila mtu na lake."

Nilimwambia hiyo fizikia siihitaji kutoka ng'ambo, naishi ndani yake. Nilisema kwa ukali, naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Nilirudi kwa miguu nikiwa nimemkasirikia, lakini njiani lile jambo halikuniacha. Siku zote nilikuwa nikijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja, katika kijiji kizima, aliyeniitikia kwa bahati mbaya. Watu husahau. Watu huwa na huruma. Hata yule mwenye mashine, ambaye tulikuwa tukicheka pamoja, hakuteleza. Sasa nikaona kwamba ukimya ule haukuwa wa mtu mmoja mmoja. Kila mmoja peke yake angeweza kuniitikia; pamoja hawakuweza. Na walijua, bila makala ya mtu, kwamba akitoka mmoja tu, yote yanafunguka, na siku ya msiba wake hakuna atakayelazimika kuja na jembe. Nililielewa hilo barabara na halikunipunguzia upweke hata chembe.

Nikaamua kwenda kwa mtemi. Kuomba radhi kunaruhusiwa. Salamu ndiyo hairuhusiwi. Nilimkuta amekaa na wazee wawili. Nikapiga goti, nikasema nilikosea njia ya watu, nikasema nipo tayari kutoa mbuzi au ng'ombe nitakayemkopa. Aliwageukia wenzake.

"Huyu anadhani tunataka nyama," akawaambia. "Aliyageuza majembe. Msiba utakaokuja, aje na jembe lake. Achimbe tangu udongo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hapo tutamjua ni wa kwetu."

"Msiba huo utakuwa lini?" nikauliza.

Ni swali la kipumbavu, najua. Lilinitoka. Mmoja wa wale wazee alikohoa kuficha kicheko, na mtemi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alinitazama usoni.

Jumapili Daktari alinichukua kwenye gari lake hadi Nyasubi, nikanunua jembe katika duka la kwao. Mama yake alitutilia chai ya tangawizi nyuma ya kaunta, akaongea na wateja Kisukuma safi kuliko changu, akawatania wakamtania. Nilimwambia Daktari kwamba namwonea wivu, kwa kuwa hapa mjini kila mtu anaongea na familia yake.

"Wewe umetengwa, mwalimu," akasema akichezea kijiko. "Mimi nimezaliwa hapa, babu yangu amefia hapa, na sijawahi kutengwa. Hata siku moja. Unajua kwa nini? Anayetengwa ni yule aliyehesabiwa ndani."

Hakusema kwa uchungu. Aliinuka akamsaidia baba yake kushusha gunia la sukari, na yule mzee akampokea bila kumtazama. Nilikaa na jembe langu jipya miguuni, nikashindwa kujua kati yetu wawili ni nani wa kuonewa huruma.

Jembe nililiacha kwenye mgunga kule chini, mbali na kopo, kila asubuhi. Na hapo ndipo ulipoanza msimu wa ajabu kuliko yote niliyoishi, kwa sababu hakufa mtu. Mvua zikaja, malaria ikaja kama kawaida yake, watu wakalazwa zahanati na kurudi wakitembea. Mzee mmoja wa upande wa kaskazini aliaga kabisa, akaita watoto wake, akagawa ng'ombe, kisha akapata nafuu na kuanza kuwadai warudishe. Mtu akaanguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiezeka, akavunjika mkono tu. Mayu alimsimulia mbuzi yote haya kwa sauti ya mtu anayesikitika kidogo.

"Kijiji kimekataa kufa, mbuzi," akasema jioni moja. "Mtoto wa watu ameshanunua jembe, na wagonjwa wote wanapona. Wangekuwa na aibu, angalau mmoja angejitolea."

Nilicheka mpaka nikalazimika kujifanya namcheka mbuzi. Lakini ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nasubiri. Niliamka nikisikiliza. Mwano, yaani ule ukelele wa kutangaza jambo zito, unapigwa na mtu mmoja, anaudaka wa pili, wa tatu, mpaka kijiji chote kinajua. Nilikaa kwenye kigoda changu, mbele yangu kopo linalosikia kila kitu cha chuma, na masikio yangu yakitafuta mwano. Nilisikia mlio wa ndege nikasimama. Nilipomwona mgonjwa amebebwa kwenye machela ya kitanda kwenda zahanati, moyo wangu ulidunda, na haukudunda kwa huruma. Upweke unaweza kukufanya uombee watu wafe, na uendelee kujiona mtu mwema huku ukiomba.

Daktari alikuwa amefika vilima vya mwisho. Mstari wangu ulinyooka siku baada ya siku.

Mayu alianza kukohoa mvua zilipokuwa zinakatika. Alimwambia mbuzi ni vumbi, wakati ardhi ilikuwa bado na unyevu. Nilimjibu mbuzi kwamba vumbi la namna hiyo linatibiwa zahanati na kwamba gari la Daktari lipo. Akamwambia mbuzi kwamba mtu aliyetengwa hawezi kumpeleka mtu hospitali, watu watasema nini. Nikasema, kwa hasira, nikimkodolea mbuzi macho, kwamba watu waseme watakalo. Mbuzi akatafuna. Mayu akabadilisha mazungumzo, akamwambia mnyama wake kwamba jembe jipya la mtu fulani lina mpini uliolegea, na kwamba mpini wa namna hiyo humwaibisha mwanaume mbele ya wenzake. Kesho yake nikachonga kabari na kuukaza.

Asubuhi nyingine nilitoka kwenda ngitilini na mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Niliusimamia kidogo. Sikuruhusiwa kubisha hodi, naye hakuruhusiwa kuitika, basi nikaondoka. Mbuzi alikuwa analia.

Jua lilikuwa limepanda vizuri niliposikia mwano. Nilisimama kwa furaha. Nitaliandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, nilisimama kwa furaha, na miguu ilikuwa imeshaanza kuelekea kwenye jembe wakati masikio yalipotambua ukelele unatokea upande gani.

Nilikwenda mpaka kwenye begi nililoweka redio ya kuwasiliana, mbali na mlingoti, nikamwita Daktari. Nikamwambia naondoka kituoni. Alianza kusema kitu kuhusu mstari wa mwisho, nikamwambia ni mayu. Akasema, "Nenda. Nakuja."

Wanaume walikuwa wanakusanyika kwenye ua wake nilipofika na jembe begani. Jirani aliyemkuta mayu amefariki alikuwa bado anasimulia. Mtemi, ndani ya koti lake la mvua, alikuwa ameshapima mahali pa kaburi, karibu na zizi, alipolala mumewe. Alisogea hatua moja pembeni, pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Nikaingia. Udongo wa kwanza niliupiga mimi.

Tulichimba kwa zamu, lakini zamu yangu ilipokwisha sikutoka, na hakuna aliyenitoa. Hakuna aliyeongea nami mpaka tulipomaliza kufukia na kusawazisha juu. Wakati huo Daktari alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu wote, mikono mitupu, hajui akae wapi. Mtemi alipangusa mikono kwenye koti, akanigeukia.

"Mwadila, mwalimu," akasema. Hiyo ndiyo salamu ya mchana.

"Mwadila."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na Masumbwe wanaonaje mvua?"

Nikamjibu. Kisha akaja wa pili, na wa tatu, na yule mwenye mashine, ambaye alinishika mkono kwa mikono yake miwili akawa hataki kuuachia. Wanawake wakaniletea maji ya kunawa. Mtu akaniwekea moto mbele yangu, mwingine akanipa chumvi mkononi, kama ilivyo desturi ya kumrudisha mtu. Yule mtoto mdogo akanirukia mgongoni. Nilisalimiwa na kijiji kizima, mmoja baada ya mwingine, kwa kirefu, habari za ng'ombe, habari za waliolala na za walioamka, na kila mmoja niliitikia.

Zilipokwisha salamu nilijikuta nimeinuka, naelekea mlangoni kwa mayu, mbio mbio kidogo, kumwambia kwamba wamenipokea.